Subira Yenye Sauti

Wahakiki hukipima kitabu cha hadithi kwa ufundi wa lugha yake, kwa mpango wa visa vyake na kwa uzito wa maudhui yake, na vipimo hivyo ni vya haki. Lakini kiko kipimo kingine kisichotajwa sana vyuoni, nacho ni kile ambacho kitabu hutenda katika nafsi ya mtu ambaye hadithi yake mwenyewe haikupata kuandikwa. Riwaya ya Utengano ya Said Ahmed Mohamed, mzaliwa wa Zanzibar, iliyochapishwa na Longman mwaka 1980, nimeisikia ikijadiliwa na walimu na wanafunzi kwa miaka mingi, nami nimefaidika. Walakini darasa lake kubwa nililipata katika ua wa nyumba moja ya Temeke, upande wa Tandika, mbele ya wanawake ambao wengi wao hawakuwahi kukaa juu ya dawati utotoni mwao. Darasa lile lilinifunza jambo kuhusu mashaka ya mwanamke na kuamka kwa roho yake, mambo mawili ambayo watu huyaunganisha kwa wepesi usiofaa, wakadhani kwamba la kwanza ndilo lililozaa la pili.

Nyumba yetu ilikuwa ya Kiswahili, ya vyumba sita, vitatu kila upande wa ukumbi uliopenya kutoka baraza ya mbele hadi ua wa nyuma, na kila chumba kilikuwa na mpangaji wake na jamaa zake: Wandengereko, Wazaramo, Wangoni, na mama mmoja Mkatoliki kutoka pande za Ziwa, ambaye mumewe alikuwa kuli bandarini. Ilikuwa miaka ya mwanzo ya themanini, vita vya Kagera vimekwisha na mashaka yake yamebaki, sukari na sabuni zikipatikana kwa foleni, na mafuta ya taa yakitumiwa kwa kupimwa. Usiku ulipoingia na watoto wadogo wakalala, wanawake waliketi juu ya mikeka uani, huyu akisuka ukili, yule akimenya mihogo ya biashara ya kesho, nami, niliyekuwa nimeanza masomo ya sekondari, niliwekwa kando ya kandili niwasomee. Kitabu kililetwa na kaka yangu aliyekuwa akisomea ualimu Chang'ombe. Alikileta kwa siku chache tu, lakini alipoona wanawake wa ua ule walivyokishika, hakuthubutu kukidai.

Aliyeamrisha usomaji ule alikuwa mama mkubwa wangu, dada wa tumbo moja wa mama yangu, ambaye ua ule ulikuwa wake kwa heshima ingawa haukuwa wake kwa hati. Alizaliwa Rufiji, akatolewa unyagoni na kutiwa katika nyumba ya mume kabla hajajua maana ya nyumba wala ya mume, akavumilia kipigo, akazika watoto, na alipoonekana hana faida tena alipelekewa talaka iliyoandikwa juu ya kipande cha karatasi. Karatasi ile hakuweza kuisoma. Ilimbidi aifunge katika pembe ya kanga yake, apite nayo njiani, amwombe mtoto wa jirani aliyekuwa akisoma shule amwambie imeandikwa nini. Na hivyo habari ya kuvunjika kwa nyumba yake aliipokea kutoka katika kinywa cha kijana mdogo asiyeelewa uzito wa alichokuwa akikisoma. Katika idhilali zote zilizompata, na zilikuwa nyingi, hiyo ndiyo aliyokuwa akiisimulia kwa sauti iliyobadilika.

Alikuja Dar es Salaam na bahasha ya nguo, akapanga chumba, akaanza kuuza vitumbua na mihogo. Na serikali ilipotangaza kuwa mwaka 1970 ni Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na madarasa ya kisomo yakafunguliwa chini ya miembe, katika baraza za nyumba na katika shule za msingi baada ya saa za masomo, yeye alikuwa miongoni mwa waliojiandikisha mapema. Hesabu za taifa zinatuambia kwamba mwaka 1967 takriban theluthi mbili ya watu wazima wa Tanzania Bara hawakujua kusoma wala kuandika, na kwamba kufikia mwaka 1977 idadi hiyo ilikuwa imeshuka hadi karibu asilimia 27. Ni ushindi mkubwa ambao haupasi kusahauliwa. Lakini mimi siwezi kuzisoma hesabu hizo bila kumwona mwanamke mmoja akifuatisha herufi kwa kidole chenye kovu la mafuta ya moto, akijifunza kusoma ili isiletwe tena kwake karatasi yoyote ambayo ataambiwa maana yake na mtu mwingine.

Basi nilianza kuwasomea. Bwana Maksuudi alipoingia katika hadithi, mtu mwenye jina mbele za watu, mwenye kanzu safi na maneno ya kiungwana, ambaye ndani ya nyumba yake alikuwa jabari kwa mkewe Tamima na bintiye Maimuna, wanawake wale walimtambua kabla sijaimaliza sura ya kwanza. Kila mmoja alikuwa na Maksuudi wake: baba, au mume, au mjomba aliyedhulumu urithi wa mayatima huku akisalimiwa kwa adabu msikitini. Kuhusu Maimuna kutawishwa ndani, asione jua wala watu, ikhtilafu ilizuka. Bibi mmoja wa Kizaramo alisema kwamba mwali kuwekwa ndani ni heshima na kwamba yeye pia aliwekwa, na mwingine akamjibu kwamba kumhifadhi mtoto ni jambo moja na kumfungia asijue dunia ni jambo jingine, kwa kuwa aliyefungiwa hivyo, mlango ukifunguka siku moja, hatajua njia ya kwenda wala ya kurudi. Jibu lile lilikuwa ubashiri wa hadithi yenyewe, kwa maana hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa Maimuna: nyumba ilivunjika kwa hasira ya baba na kwa talaka ya mama, binti akaikimbilia dunia asiyoijua, na dunia ikampokea kwa mikono ya Mama Jeni katika kilabu cha Rumbalola, kwenye ulevi na biashara ya mwili.

Tulipofika Rumbalola bibi yule aliniambia niziruke kurasa hizo, maana hazifai kusomwa na kijana mbele ya watu wazima. Niliinua macho nimtazame mama mkubwa. Alikuwa ameacha kumenya mihogo. "Soma, mwanangu," alisema. "Yeye kayaishi, sisi tutashindwa kuyasikia?" Nikasoma, na hakuna aliyeondoka mkekani. Sijapata kusikia tangu siku ile, katika semina wala katika mihadhara, hoja iliyo fupi na timilifu kuliko ile juu ya sababu ya kuandika na kusoma habari za watu walioteseka.

Riwaya ile haikumwacha Maimuna shimoni. Alitoka katika ulevi, akaolewa na Kabi, akarudi katika utu wake. Naye baba, baada ya kupotewa na mali na jaha, akawa yeye ndiye mwenye haja ya kuomba radhi kwa wale aliowakanyaga. Tulipofikia hapo mjadala ulikuwa mkali kuliko wa siku zote. Bibi wa Kizaramo alisema kwamba hiyo ndiyo hikima ya Mwenyezi Mungu: humwonjesha mja wake uchungu ili amjue Mola wake, na kwamba lau Maimuna asingalipita katika madhila yale, moyo wake usingaliamka. Wengi waliitikia, kwa kuwa ni kauli tuliyolelewa nayo. Ila mama yule Mkatoliki, ambaye aghalabu alikuwa kimya, alisema kwamba yeye anakijua kitabu kingine ambamo binti mmoja aliteseka vile vile na hakuamka.

Kitabu hicho kilikuwa Rosa Mistika cha Euphrase Kezilahabi, kilichotoka mwaka 1971, kikapigwa marufuku mashuleni kwa muda, kisha kikarudi kwa heshima na kuwa miongoni mwa vitabu vinavyosomwa sana katika nchi yetu. Mama yule alikipenda kwa sababu Rosa ni binti wa Ukerewe, jirani na kwao. Na alituhadithia habari za Zakaria, baba mlevi na mkali aliyedhani kwamba kumlinda binti ni kumpiga na kumtenga, za Regina, mama mpole aliyebeba yote, na za Rosa mwenyewe, aliyefika shule na chuo akiwa hana silaha yoyote ya kuikabili dunia, akachezewa, akakataliwa, na mwishowe akayakatisha maisha yake kwa mkono wake. Mwandishi hakuliachia kaburi liseme neno la mwisho; alimfikisha yeye na baba yake mbele ya Mungu, na lawama ambazo hazikusemwa nyumbani zikasemwa huko. "Mateso yao yalifanana," alisema mama yule. "Mbona mmoja kaamka na mwenzake kafa?"

Swali hilo halikujibiwa usiku ule, na nimelibeba tangu wakati huo. Kama mateso yenyewe ndiyo yaamshayo roho, ingalipasa yamwamshe kila ayapataye. Lakini tunaona kwa macho yetu kwamba mateso yale yale humvunja huyu, humfanya yule awe katili kwa walio chini yake, na wachache tu hutoka ndani yake wakiwa na nuru. Ninapozilinganisha hadithi hizi mbili, na kuongeza Nyota ya Rehema ya Mohamed Suleiman Mohamed iliyotoka mwaka 1976, ambayo nayo ni safari ya binti aliyenyimwa pendo la baba, nayaona mambo mawili yanayowatenga waliookoka na walioangamia. Kwanza, aliyeokoka alipata mtu wa kumsikiliza, mtu aliyempokea bila kumpima kwa yaliyompata. Pili, alifika mahali pa kuyaita yaliyompata kwa jina lake, kwamba ni dhuluma, wala si aibu yake. Rosa hakuyapata hayo duniani: aliyemtegemea amsikilize alimhukumu, na neno lake la haki likangoja hadi ahera.

Mama mkubwa alikuwa amekwisha kulijua jambo hili kwa njia yake, kabla ya Maimuna kufika uani kwetu. Baada ya kuhitimu kisomo, alinunua kwa fedha ya mihogo tafsiri ya Kurani Tukufu ya Sheikh Abdullah Saleh Farsy, ile iliyotolewa Nairobi mwaka 1969, na akawa akiisoma taratibu baada ya sala ya alfajiri. Alikuwa ameisikia Kurani tangu utotoni na kuisoma kwa Kiarabu asichokifahamu. Sasa aliisoma kwa lugha aliyokuwa akiotea ndoto. Akafika sura ya 58, Al-Mujadila, ambayo kisa chake ni cha Khawla binti Thaalaba, mwanamke wa Madina ambaye mumewe alimtamkia kwamba kwake yeye amekuwa kama mgongo wa mama yake, tamko ambalo kwa desturi za kijahiliya lilimnyima mwanamke haki ya mke bila ya kumpa uhuru wa mtalaka. Khawla hakunyamaza. Alikwenda kwa Mtume, akajadiliana naye, akamshitakia Mwenyezi Mungu hali yake. Na wahyi ukashuka kusema kwamba neno lake limesikiwa, desturi ile ikalaaniwa, na mume mwenye kuitamka akatozwa kafara: kumwacha huru mtumwa, asipoweza, kufunga miezi miwili mfululizo, na asipoweza hilo pia, kulisha masikini sitini.

Mama mkubwa aliniambia kwamba siku alipoisoma sura hiyo alikaa juu ya msala mpaka jua likapanda, na vitumbua vya siku ile havikukaangwa. Maisha yake yote alikuwa ameambiwa kwamba mke mwema ni mwenye subira, na kwamba subira ni kunyamaza. Kumbe katika kitabu kile kile walichokuwa wakikitaja waliomnyamazisha, yumo mwanamke aliyesema, akabishana, na Mola wake akamsikiliza. Hapo ndipo ninapopaita kuamka kwake. Hakuota ndoto wala hakusikia sauti. Alisoma, akafahamu, na hofu aliyokuwa nayo tangu usichana ikamtoka. Tangu hapo sala yake ilibadilika: alikuwa akimwomba Mungu kama mtu anayezungumza na anayemjua, wala si kama mtuhumiwa mbele ya hakimu. Na subira hakuiacha. Aliifahamu upya, kuwa ni uthabiti wa moyo wakati wa kutafuta haki.

Nchi nayo ilikuwa ikijifunza kusikiliza, polepole, kwa njia za sheria. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilikuwa imetamka kwamba mume hana haki ya kumpiga mkewe wala mke mumewe, neno ambalo Tamima na Regina wangalifaidika nalo kama lingaliwafikia. Na mwaka 1983, katika miaka ile ile ya usomaji wetu, Mahakama ya Rufani ya Tanzania, katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, iliamua kwamba kazi za nyumbani za mke, kupika, kufua, kulea na kuitunza nyumba, ni mchango katika kuchuma mali ya ndoa. Habari hiyo ilipofika uani, ilipokewa kwa ukimya wa watu wanaofanya hesabu: kila mmoja alirudi nyuma katika miaka yake, katika ndoo za maji na katika moto wa kuni, akiona kwa mara ya kwanza kwamba vitu hivyo vyaweza kuhesabiwa. Bi Hawa mwenyewe hakupata fungu alilolidai, lakini mlango alioufungua umepitiwa na wanawake wengi baada yake.

Lipo jambo la mwisho katika kumbukumbu hii, nalo ni la msamaha, kwa kuwa kila hadithi ya kuamka kwa roho hufika hapo. Miaka kadhaa baadaye, yule mume wa zamani aliletwa mjini akiwa mgonjwa, mzee, hana wa kumwangalia, na jamaa zake wakaja kumwomba mama mkubwa amsamehe kabla hajafa. Walitaka alitamke neno lile pale pale, kwa upesi, ili mambo yaishe. Hakuwakatalia. Alipika uji, akauchukua, akaenda nami, akamnywesha mgonjwa kwa mkono wake, kisha akaketi na kumwambia, "Nimekuja kukusamehe, lakini utanisikiliza kwanza." Akamweleza yote, bila ya kupaza sauti wala kumtukana: kipigo, watoto waliozikwa, karatasi aliyosomewa na mtoto njiani. Mzee yule alilia. Baada ya hapo ndipo alipolitamka neno la msamaha, na lilikuwa zito, kwa sababu wote wawili walijua ni nini kilichosamehewa. Nilielewa siku ile kwamba msamaha unaotolewa kabla ya dhuluma kutajwa huwa ni kunyamazishwa kwa mara ya pili, na kwamba msamaha wa kweli hutolewa na mtu aliyesimama wima.

Hivi leo nakaa Kinondoni, na nyakati za mwisho wa juma hupita mbele ya kumbi ambamo wanawali hufanyiwa kicheni pati, ngoma zikilia na masomo, yaani wafundaji wa wanawali, wakiwausia walio karibu kuolewa. Nawaheshimu masomo hao, kwa maana wameirithi kazi kongwe ya pwani yetu, na katika nasaha zao mna busara nyingi. Lakini nalisikia pia neno lile la zamani likirudiwa, kwamba ndoa ni kuvumilia na mambo ya ndani hayatoki nje. Na moyo wangu huwaza ni mabinti wangapi watakaolichukua neno hilo mpaka katika vyumba ambamo hakuna atakayewasikia. Mwaka 2019 Mahakama ya Rufani iliithibitisha hukumu ya Mahakama Kuu ya mwaka 2016, katika shauri lililofunguliwa na Rebeca Gyumi, kwamba vifungu vya Sheria ya Ndoa vinavyoruhusu binti aolewe kabla ya kutimiza miaka 18 vinakiuka katiba. Hukumu ni kubwa. Hata hivyo hakuna hukumu inayoweza kuketi ukumbini usiku wa kuamkia arusi na kusema na mwali kwa sauti ya mama.

Kazi hiyo ni yetu. Nawasihi masomo wanaousia, wawafunze wanawali habari za Khawla pamoja na habari za subira, kwa kuwa dini moja ndiyo iliyotupa yote mawili. Na walio Wakristo wawasomee mabinti zao habari za Rosa wangali hai na wazima, wasingoje msiba. Nawasihi akina baba wasiwe Maksuudi wala Zakaria, wakidhani kwamba ukali ni ulinzi. Nawasihi waandishi wetu, wanapomwandika mwanamke aliyepita katika mashaka akafika kwenye nuru, wasiyasifu mashaka yake, maana mashaka hayakumpa chochote. Wamsifu yeye, na wawasifu waliomsikiliza. Na wewe msomaji, ikiwa yuko katika nyumba yako mama, shangazi, dada au mke ambaye hadithi yake hujawahi kuisikia hadi mwisho, mwombe akusimulie, nawe usimkatize.